Vijana wangu wamezuiwa getini kwa sababu ya mkojo

*Wasomaji wanauliza kuhusu afya na usalama kazini. Anayejibu ni mama aliyefanya kazi maabara miaka 22, na sasa anapima afya za wafanyakazi kwenye saiti za Dodoma.*

Shikamoo mama. Mimi ni mkandarasi mdogo wa umeme, nina vijana tisa. Tumepata kazi ya kuvuta nyaya kwenye jengo la ghorofa kule Mtumba, chini ya mkandarasi mkubwa. Jumatatu tumefika getini tukaambiwa hakuna kuingia mpaka wote tupimwe mkojo wa dawa za kulevya. Sikuwa nimeambiwa kabla. Wawili "wamekutwa". Wa kwanza ni mtoto wa dada yangu. Yuko mwezi wa pili wa dawa za TB na daktari wa kituo cha afya amemruhusu kazini. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chungwa, afisa usalama akasema ametia kitu, halafu kipimo kikaonyesha ana unga. Wa pili ni fundi wangu wa kutegemewa. Anakiri alivuta bangi kwenye sherehe Kondoa wiki mbili zilizopita, ila saiti hajawahi. Naambiwa niwafukuze wote wawili, majina yao yamebandikwa getini, na pesa ya vipimo nitakatwa mimi. Nifanyeje? Mkandarasi, Ihumwa.

Marahaba mwanangu. Naanza na mpwa wako, maana kwa maelezo yako naona ameonewa.

Kati ya dawa za TB anazokunywa kuna moja inaitwa rifampisini. Ndiyo inayogeuza mkojo kuwa wa chungwa, na hata jasho na machozi. Kila aliyewahi kuhudumia kliniki ya TB anaijua rangi hiyo. Wagonjwa wapya huja wakikimbia wakidhani wanakojoa damu. Dawa hiyohiyo, kwenye baadhi ya vipimo vya haraka, huweza kusomeka kama afyuni, yaani kundi la heroini na mofini. Baadhi ya antibayotiki za jamii ya siprofloksasini nazo zimewahi kuleta shida hiyo. Dawa ya kikohozi yenye kodeini haisingiziwi, hiyo ni afyuni kweli, lakini mtu ameinywa kwa ajili ya kifua.

Ndiyo maana kijiti cha getini, kile kinachochovywa kwenye mkojo, kinaitwa kipimo cha awali. Kazi yake ni kusema "huyu aangaliwe zaidi". Jibu la kumtoa mtu kazini linatoka kwenye mashine ya maabara inayotenganisha kemikali moja moja na kuitambua kila moja, na inapima mkojo uleule wa siku ile, uliogawanywa kwenye vichupa viwili na kufungwa kwa lakiri mbele ya mwenyewe. Muulize mkandarasi mkubwa: kichupa cha pili kiko wapi? Kama hakuna, hana ushahidi wa kumfukuzisha mtu. Kwa hapa Dodoma, pa kwanza ningekwenda kuulizia kipimo cha uhakika ni ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kati. Mpwa wako aende na kadi yake ya matibabu, amwonyeshe daktari peke yake. Asimwonyeshe mlinzi wala fomani.

Kuna jambo lingine nataka uliulize bila aibu: nani alisoma kijiti, na anajua kukisoma?

Siku moja niliitwa saiti fulani, jua la Oktoba, saa nne asubuhi. Nikakuta vijana kumi na mmoja wamekalishwa chini ya mbuyu, wamevua kofia ngumu, wengine wameinamisha vichwa. Juu ya kipande cha plaiwudi vijiti vimepangwa mstari. Afisa usalama, kijana mzuri tu, mwenye bidii, ananiambia hawa wote wamekutwa na bangi. Nikainama kuangalia. Kila kijiti chao kilikuwa na mistari miwili, mmoja kwenye C, alama ya kwamba kijiti ni kizima, na mwingine kwenye T, sehemu ya kipimo chenyewe. Nikamuuliza, mistari miwili kwako ni nini? Akajibu kwa kujiamini: "Si kama malaria, mama? Miwili anayo."

Mwanangu, kipimo cha dawa za kulevya kinasomwa kinyume na cha malaria, na kinyume na cha mimba. Mstari kwenye T ukitokea, hata uwe hafifu kama wa penseli iliyofutwa, maana yake dawa haijafikia kiwango cha kuhesabika. Mstari wa T ukikosekana, C ukabaki peke yake, hapo ndipo pa kumtilia mtu shaka. C nayo isipotokea, kijiti kimeharibika, tupa. Wale kumi na mmoja walikuwa safi. Aliyekuwa na mstari mmoja alikuwa ameruhusiwa, na wakati ule alikuwa ghorofa ya pili juu ya jukwaa la mirunda akipokea ndoo za zege. Tulimshusha taratibu, bila kelele, tukampa maji, tukakaa naye. Nikaomba nionyeshwe vijiti vilikuwa vinatunzwa wapi. Kwenye kontena la bati, dirisha moja, mchana kutwa. Pakiti yenyewe imeandikwa visizidi nyuzi joto 30. Mwenye kontena Dodoma anajua mle ndani kunakuwaje saa nane mchana.

Sasa fundi wako wa Kondoa. Hapa sitakufurahisha sana. Bangi hukaa mwilini, inajificha kwenye mafuta. Anayevuta mara mojamoja, mkojo wake huwa safi baada ya siku chache. Anayevuta kila siku anaweza kukutwa nayo hata mwezi mzima baada ya kuacha. Kwa hiyo mtu aliyevuta mara moja tu wiki mbili zilizopita, kwa kawaida kijiti kisingemkamata. Ama kijiti kimekosea, ama sherehe zimekuwa nyingi kuliko alivyokwambia. Kaa naye wawili tu, uulize kwa upole, na naye apewe kipimo cha pili. Kumbuka pia kwamba mkojo hausemi kama mtu amelewa sasa hivi. Unasema tu dawa ilipita. Lakini kazi yenu ni umeme na ngazi, na mimi nisingempandisha mpaka jibu lipatikane. Mpe kazi ya chini, kupanga mabomba, kukata nyaya. Jibu likithibitisha, zungumzeni tiba na mpange tarehe ya kumpima tena. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996 unaosema suala la pombe na dawa za kulevya kazini litazamwe kwanza kama suala la afya, na miaka yote hii sijaona njia bora zaidi. Fundi anayejua kuwa akisema ukweli atafukuzwa hatakwambia ukweli, atapanda hivyohivyo.

Kumfukuza papo hapo kwa neno la getini ni hatari kwako pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki: umweleze kosa, umsikilize, ndipo uamue. Aliyeachishwa kinyume cha hapo ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na atakayeitwa huko ni wewe mwajiri wake. Mkandarasi mkubwa hatakuwepo.

Majina getini yabanduliwe leo. Hili limeniumiza kuliko yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na kwa kawaida huzigusi bila ridhaa yake ya maandishi. Mpwa wako sasa anaitwa teja mbele ya watu anaokula nao chakula cha mchana, na akitaka kujisafisha inabidi atangaze TB yake. Andika barua, peleka mwenyewe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Gharama: msimamo wangu ni kwamba anayeagiza kipimo ndiye alipe, pamoja na siku iliyopotea. Najua wengine hawakubali. Kama mkataba wako haukutaja, una nguvu ya kukataa makato. Mkataba ujao utaje yote kabla hamjasaini: wanapima dawa zipi, nani anapima, nani anathibitisha, nani analipa, jibu anapewa nani. Na wapimwe wote, pamoja na wahandisi na yule bosi wa gari la vioo vyeusi.

Usinielewe kwamba sitaki vipimo. Navitaka sana. Niliwahi kupokea vijana wawili asubuhi ya Jumamosi. Mmoja alianguka na mbao za jukwaa, ananuka gongo, akavunjika mkono. Mwingine alikuwa chini anachanganya zege, hajawahi kuonja pombe maisha yake. Huyo wa chini ndiye aliyefariki. Tangu siku hiyo, nikifika saiti nauliza kifaa cha kupima pumzi kabla ya vikopo vya mkojo, kwa sababu kijiti cha kawaida hakioni pombe, na pombe ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi. Mtu aliyekunywa mpaka saa nane usiku, saa moja asubuhi bado anayo mwilini, hata kama ameoga na kunywa chai.

Mama, kuna watu wanasema ukinywa lita tano za maji na malimau kabla ya kipimo mkojo unasafika. Ni kweli? Saidia fundi, Nkuhungu.

Hapana. Limau halifanyi kitu, na maji mengi namna hiyo kwa mkupuo yanaweza kukuletea degedege. Maabara hupima pia kama mkojo ni mwepesi kupita kiasi, na kikopo kizuri kina karatasi ya joto inayoonyesha kama ni mkojo wa sasa hivi au uliletwa mfukoni. Kama una kitu cha kuficha, niandikie tena, tutazungumza. Jina lako silitoi.

Shikamoo dada. Mume wangu aliacha unga, yaani heroini, ana mwaka na nusu kwenye methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, kliniki ya Itega, hajarudi nyuma hata siku moja. Ni dereva wa tipa. Kampuni mpya inapima madereva wote mwezi ujao. Anataka kuacha dozi wiki hiyo ili asionekane. Mama wa watoto watatu, Chang'ombe.

Marahaba mdogo wangu. Asiache. Tafadhali, asiache. Akikatiza atapata arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, siku ya pili au ya tatu, akiwa kwenye usukani, na akirudi kwenye unga baada ya mapumziko mwili hauhimili kipimo cha zamani. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Kijiti cha afyuni cha kawaida hakioni methadoni. Huonekana tu kama pakiti ina sehemu iliyoandikwa MTD, na zipo zenye sehemu hiyo. Kwa hiyo ajiandae kwa barua. Swali la haki ni moja: kwa dozi anayokunywa, anasinzia? Wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa, asiendeshe. Mwenye dozi iliyotulia muda mrefu, daktari anaweza kumkagua na kuamua. Barua aombe iseme tu kwamba anatumia dawa aliyoandikiwa, na kwamba anafaa au hafai kuendesha, basi. Jina la ugonjwa lisiwemo. Na daktari akisema hafai kwa sasa, akubali, aombe kazi ya gereji au stoo mpaka atakapokaguliwa tena.

Aende Jumatatu mapema, kabla foleni ya dozi haijarefuka, na asimalizie dirishani. Aombe kuingia kwa daktari. Nenda naye.