Bei ya ndege ya kivita ina nini ndani yake?

SWALI: Nchi moja hununua ndege za kivita kwa bei hii, nyingine hulipa karibu maradufu kwa ndege ileile. Kuna wizi?

JIBU: Ndugu msomaji, usikimbilie wizi. Uliza kwanza mkataba umebeba nini. Finland ilipochagua ndege 64 za kivita za Marekani aina ya F-35A, Desemba 2021, ndege zenyewe zilitengewa yuro bilioni 4.7 hivi. Vifaa vya matengenezo, vipuri na mafunzo vilichukua karibu bilioni 2.9 nyingine, na makombora yakawa na fungu lake. Sasa wewe gawanya jumla yote kwa 64, kisha linganisha na nchi iliyotangaza bei ya ndege tupu!

Nimekuwa fundi wa ndege miaka mingi, na jambo hili linaniuma. Nimeona ndege nzima ikilala bandani wiki kadhaa kwa kukosa pampu moja ya mafuta, rubani akipita kuichungulia kila asubuhi. Aliyenunua alisifiwa kwa kupata bei nafuu, vipuri hakuagiza.

Tazama na injini pia, maana si bei tu ya kuuliza kwenye mkataba. Ndege ya kivita ya Gripen E ni ya Sweden, lakini injini yake ya F414 ni ya Marekani, hivyo kuiuza ndege hiyo nje kunahitaji ridhaa ya Washington.