Nimeingia grupu la Yanga, wananiita Kolo

SWALI: Anko shikamoo. Binamu kaniunga grupu la WhatsApp la mashabiki wa Yanga, nikaandika "habari zenu, nimefurahi kuwa nanyi", kimyaaa, baadae mmoja akauliza "wewe si Kolo kweli?", yaani shabiki wa Simba, nikanyamaza mpaka leo. Nifanyeje? – Mgeni, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo hujachukiwa, umepimwa tu. Mapandikizi wa Simba wapo kweli, mtu anajibanza humo anavizia siku mkifungwa aanze kumwaga stika, sasa wewe unakuja na salamu kavu kama barua ya kuomba kazi, lazima wakutilie shaka. Ungemjibu hapohapo, "niwe Kolo halafu zile tano za Novemba 2023 nizipeleke wapi?" Mwananchi gani wa Yanga asicheke akikumbushwa tulivyoifunga Simba 5-1, na akishacheka umeshapokelewa.

Rudi leo. Sema unatokea Mbeya, nani alikuambukiza Yanga, mchezaji gani anakukosha, halafu uliza kitu, maana wazee wanapenda kuulizwa bwana, we gusia tu kwamba klabu ni ya 1935 na wenzetu wa Msimbazi, yaani Simba, wakaja 1936 uone voisi noti zitakavyomiminika. Kocha usianze kumponda, subiri uzoeleke kwanza. Na usimfuate dada wa watu inboksi usiku eti unajitambulisha, watakutoa hata salamu hawajaitikia.

Afu kama picha yako ya profaili umevaa jezi nyekundu, rangi ya Simba, hata iwe ya Arsenal, badili leoleo.