Kisima, Choo na Bahari: Maswali ya Walimu na Wazazi

Mwezi uliopita niliandika juu ya visima vya shule hapa Mombasa, na barua zilizofuata zimenifurahisha, nyingi zikiwa za walimu. Nimechagua sita.

Nafundisha gredi ya 6 huku Kisauni. Hatuna maabara, na watoto wanadhani maji ya kisima yanakaa mle shimoni tu. Nianzie wapi? (Mwalimu)

Mwalimu wangu, anzia hapo hapo walipo, kwani hata watu wazima wengi wanadhani chini kuna bwawa au mto. Tafuta beseni la plastiki linaloonyesha ndani. Lijaze vipande vidogo vya mawe ya matumbawe, juu yake mchanga ulioosheka. Kona moja simamisha pampu ya chupa ya mafuta ya kujipaka, ile ya kubonyeza, na uufunge mdomo wake wa chini kwa kitambaa chepesi mchanga usiingie. Mimina maji polepole mpaka yafike nusu. Watoto watajionea kwamba hakuna bwawa, bali maji yamejibanza katikati ya chembe na mawe.

Sasa mtoto mmoja atie vijiko viwili vya rangi nyekundu ya chakula kwenye kona ya pili. Hicho ndicho choo. Mwingine abonyeze pampu, nawe kaa kimya. Baada ya muda maji yatatoka mekundu, na hutahitaji kueleza mengi.

Nakuomba usiishie hapo, maana wengi huishia hapo. Waambie wakisafishe kisima. Watie maji safi, wapige pampu, wamwage, watie tena. Watachoka kabla rangi haijaisha. Ardhini kazi hiyo huchukua miaka, pengine makumi ya miaka, na ningependa mtoto alijue hilo kwa mkono wake uliochoka kuliko kwa kulisoma ubaoni.

Mimi ni mwanafunzi Likoni. Kisima chetu kimegeuka chumvi lakini cha jirani, hatua hamsini tu, bado ni kitamu. Babu anasema tumechimba kupita kiasi. Ni kweli? (Mwanafunzi)

Mwanangu, babu yako anajua anachosema. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari: lita moja ya maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, ina uzito wa gramu 1,000, ya bahari kama 1,025. Kwa hiyo chini ya ardhi yetu ya pwani maji matamu yanaelea juu ya maji chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, ila haya huchanganyika mpakani. Wataalamu wana hesabu yake: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Pampu ikiyashusha maji kwa nusu mita tu, na yakakaa hivyo, chumvi inaweza kupanda polepole hadi mita 20 kutoka chini. Wala haihitaji kuwa nyingi. Lita 2 za bahari zikiingia katika lita 98 za maji matamu, ulimi unajua. Ndiyo sababu mwenye kisima cha chumvi akizidi kuchimba kwenda chini anaifuata chumvi kwake. Huenda chenu ni kirefu kuliko cha jirani, au mmetia pampu ya umeme naye bado anavuta kwa ndoo, au mwamba wenu una ufa unaoelekea baharini.

Kwetu, nilipokuwa mdogo, kisima cha uani kilitunywesha nyumba nne. Pampu tatu zilipowekwa mtaani, shangazi yangu ndiye aliyetangulia kuijua chumvi, kwenye chai. Leo maji yale ni ya kufulia tu.

Funga jiwe kwenye kamba yenye mafundo ya kila nusu mita, upime kina cha maji wakati bahari imejaa na wakati imekupwa, siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) na siku za maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo). Andika kwenye daftari kwa mwezi mzima. Kisima kikipanda na kushuka pamoja na bahari, utakuwa umejua kwamba maji yao yanapitiana humo mwambani. Na mwombe baba apige pampu kidogo kidogo mara nyingi, asiyavute maji yote kwa mkupuo mmoja.

Sisi Changamwe twatumia maji ya mfereji. Mbona mwanangu afundishwe visima? (Mzazi)

Bi mkubwa, huo mfereji nao watoka ardhini, kwenye vyanzo vinne: Mzima, Marere, Tiwi na Baricho. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, haiachi hata mto juu yake, ikaja kutokea Mzima ikiwa safi, na bomba lililojengwa miaka ya 1950 linaileta kwetu kwa zaidi ya kilomita 200. Marere ni chemchemi za Shimba Hills, Kwale. Tiwi ni visima, na Baricho ni visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki. Msitu wa Chyulu ukichomwa, anayeumia ni mtoto wako Changamwe.

Je, somo hili lina nafasi madrasa? (Ustadh, Majengo)

Lina nafasi kubwa, Ustadh. Ipo hadithi ya Mtume (SAW) inayoonya juu ya mambo matatu yaletayo laana: kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani, na kivulini. Somo la vyoo na visima limekwishaanza hapo. Tena imepokewa kuwa alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha thuluthi mbili za lita. Weka ndoo chini ya bomba, kila mwanafunzi atawadhe kama kawaida yake, kisha mpime pamoja.

Choo chetu cha shimo kiko mita 12 kutoka kisimani. Tukichemsha maji inatosha? (Mwalimu mkuu)

Haitoshi. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo endeleeni leo hii. Lakini nitrati, kemikali itokayo vyooni, haifi motoni. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea, na ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo.

Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 baina ya choo na kisima, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini. Hicho ni cha udongo wa kawaida. Matumbawe yana nyufa na mapango, uchafu hupita bila kuchujwa, basi hata mita 30 zisikutulize. Mwite afisa wa afya ya umma, maji yapelekwe maabara yapimwe vijidudu na nitrati. Kisima kiwe cha kusafishia mpaka majibu yatoke. Choo kipya kikijengwa, kiwe cha tangi lililosakafiwa lisilovuja, la kunyonywa na gari. Ni ghali, najua. Lipeleke ombi hilo kwa halmashauri ya shule pamoja na karatasi ya maabara, si kwa maneno matupu.

Tuna siku moja ya safari. Twende wapi? (Mwalimu, Nyali)

Haller Park, Bamburi. Yalikuwa machimbo ya matumbawe, yakachimbwa hadi karibu na maji ya chini, na mabwawa mtakayoyaona ni maji hayo yaliyofunuliwa. Mwaka 1971 ilipoanza kazi ya kupapanda miti, aina 26 za miti zilijaribiwa, zikapona aina tatu, mvinje mojawapo. Waulize watoto kwa nini. Mkipata nafasi jioni piteni Fort Jesus, muwaonyeshe birika la maji ya mvua ndani ya ngome. Kila mtoto abebe daftari na chupa yake ya maji.