Fomu ya Kurasa Sita

Nilipoanza kusimamia mradi wa wakimbizi manusura wa mateso, nilijivunia sana fomu yangu ya usajili. Kurasa sita. Kufika ukurasa wa pili tayari tulikuwa tunauliza: ulifanyiwa nini, na nani, mara ngapi? Mzee mmoja alijibu maswali matatu, akaomba kwenda msalani, hakurudi. Mtu kahojiwa na askari mpaka basi, nasi tukamketisha mezani, tukafunga mlango, tukaanza kumhoji upya!

Siku hizi tunaanza na kinachomnyima usingizi leo: kodi ya nyumba, barua ya maombi ya hifadhi, mtoto asiye na shule. Hayo mengine atayasema akitaka. Akihitaji ripoti ya kitabibu kwa ajili ya kesi ya hifadhi, hiyo ni kazi ya daktari anayeifahamu Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 1999 wa kuchunguza na kurekodi ushahidi wa mateso, uliofanyiwa marekebisho 2022. Usimwachie mfanyakazi wa kujitolea, hata awe na moyo mwema namna gani.

Hospitalini pia msindikize. Kipimo cha moyo, zile waya zinazobandikwa kifuani, kinaweza kumrudisha kulekule mtu aliyeteswa kwa umeme. Aelezwe kwanza kila waya ni wa nini, na ajue anaweza kusema basi.

Lakini ukiniuliza miradi inaharibikia wapi hasa, nitasema kwa mkalimani. Mtoto asimtafsirie mzazi wake, hilo halina mjadala. Mtu wa kwao naye si lazima awe salama: lafudhi tu au jina la ukoo laweza kumwambia mteja kwamba huyu ni wa upande ule. Muulize kabla, na akimkataa usidai sababu. Wakati mwingine mkalimani wa kwenye simu, aliye mbali, ndiye anayeaminika zaidi.

Na mkalimani mwenyewe ni nani anayemtazama? Kutwa nzima anasema “nilipigwa”, “nilifungwa”, kwa kinywa chake. Wetu mmoja alianza kulainisha maneno. “Alinibaka” likawa “alinidhulumu”. Mshauri aliyeijua lugha ile kidogo ndiye aliyeng’amua. Hatukumfukuza. Tulimpunguzia vikao, na kila kikao kikaongezwa dakika kumi za yeye na mshauri kukaa wawili, zikilipwa kama kazi.

Pesa, kwa kifupi: ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja mmoja, zikiwamo za Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Waathirika wa Mateso, ulioanzishwa 1981. Usimwahidi mteja matibabu ya miaka mitatu. Mwambie mapema una vikao vingapi mkononi.

Yule mzee nilimpigia miezi minne baadaye, bila fomu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunaweza kumtafutia miwani ya kusomea.