Mtangazaji wa mtani: yupi unamvumilia, yupi unamzimia redio?

Mleta mada kauliza: kwenye mpira wa Kimarekani wa vyuo, ule wa kushika mkononi na kukimbia nao, ni mtangazaji gani wa redio wa timu pinzani unayeweza kumsikiliza mpaka dakika ya mwisho, na yupi anakuchefua? Naona wengi hapo juu mmejibu kwa hasira, kila mtu anamponda wa mtani wake kwa hoja moja, "anapendelea". Mimi nakaa Chattanooga, ni shabiki wa damu wa Chuo Kikuu cha Tennessee, naendesha lori, na Jumamosi nyingi za msimu huwa niko barabara kuu ya I-75 nasikiliza chochote kinachoshika. Watangazaji wa watani nawajua kuliko ningependa.

Hilo la upendeleo tulimalize kwanza. Sisi tuliokulia na RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, tulizoea mtangazaji wa taifa zima. Simba na Yanga zikicheza alitakiwa asijulikane moyo wake uko wapi, na bado watu walimpima kwa sauti. Huku kila chuo kina mtandao wake wa redio, na mtangazaji anaitwa kabisa "sauti" ya timu hiyo. Mshahara wake unatoka kwenye chuo au kwenye kampuni iliyonunua haki za matangazo ya chuo. Kumlaumu kwa unazi ni sawa na kumlaumu msemaji wa Yanga kwa kuisifu Yanga. Mimi nina swali moja tu kwake: mpira uko wapi? Nikiwa kwenye usukani nataka kujua ni jaribio la ngapi (timu ina manne ya kusogea yadi kumi), zimebaki yadi ngapi, wako kwenye mstari upi, saa inasemaje. Akinipa hayo, timu yangu aiseme anavyotaka.

Ndiyo maana jibu langu ni Larry Munson wa Georgia. Alitangaza kuanzia 1966 mpaka 2008, akafariki 2011. Mimi nilimwahi uzeeni, kupitia WSB 750 ya Atlanta, ile ya wati 50,000 ambayo jua likizama inakufuata mpaka kwenye milima na mikwaruzo yake yote. Munson alikuwa mnazi wa kutupwa, alisema "sisi" bila aibu, lakini unazi wake ulikuwa wa woga. Georgia inaongoza vizuri, yeye anakuhesabia jinsi mabeki wa wapinzani walivyo majitu, saa haitembei, mambo yataharibika sasa hivi. Ukiwa mtani unaburudika, maana mtu wa kwao ndiye anayeteseka hewani.

Sikilizeni rekodi ya Novemba 8, 1980, Jacksonville. Florida inaongoza 21-20, Georgia imebanwa karibu kabisa na goli lake, jaribio la tatu. Kabla mpira haujachezwa Munson ameshakueleza Florida wamejipanga vipi. Buck Belue wa Georgia anatupa, mwenzake Lindsay Scott anadaka karibu na yadi ya 25, na hapo mzee anaanza kuhesabu yadi, 30, 35, 40, anavuka katikati, yadi ya 50, ambapo namba zinaanza kushuka kuelekea goli la Florida, anamfokea mchezaji "Kimbia, Lindsay!", halafu anarudi kwenye hesabu mpaka 5. Yadi 93, Georgia ikashinda 26-21. Baada ya hapo anakwambia amevunja kiti alichokalia, cha chuma. Hata katika kichaa kile hakuacha kukuonyesha mpira ulipo. Shabiki wa Florida aliyekuwa kwenye gari siku ile alijua kila hatua ya maumivu yake.

Mimi yangu ni ya Oktoba 2001, nyumbani kwetu Knoxville, tunacheza na Georgia. Sisi tumefunga ikiwa imebaki chini ya dakika moja, tunaongoza 24-20, nimeshaanza kumcheka jamaa wa Georgia kule ghalani. David Greene, mrushaji wa Georgia, akawashusha wenzake uwanja mzima, akamrushia Verron Haynes zikiwa zimebaki sekunde chache, 26-24. Munson akasema tumekanyagwa usoni na buti la misumari na pua imevunjika. Jamaa alinirudia na sentensi ile mpaka Krismasi. Iliniuma, lakini ni sentensi ya maana, siyo kelele.

Kwetu Tennessee alikuwepo John Ward, 1968 hadi ubingwa wa msimu wa 1998. Watu walizima sauti ya televisheni wakawasha redio. Wazee wa Alabama niliofanya nao kazi walimchukia kwa sababu ya utulivu wake: "Mpe... sita!", yaani pointi sita za bao, na pale katikati alikuacha unaning'inia.

Wa pili wangu ni Rod Bramblett wa Auburn. Novemba 30, 2013, Alabama na Auburn 28-28, imebaki sekunde moja, Alabama wanapiga teke la kutafuta pointi la yadi 57, linapungua, Chris Davis wa Auburn anaudaka mpira nyuma kabisa na kukimbia nao. Bramblett anahesabu: 10, 15, 20, tano tano mpaka katikati, ndipo anapopasuka na kusema Auburn inashinda. Alipofariki kwa ajali ya gari Mei 2019 pamoja na mkewe, watu wa Alabama nao walimlilia, na mnajua uhasama wa pale ulivyo.

Joe Starkey wa California naye namvulia kofia kwa mechi ya Stanford ya 1982, California wakifunga mwishoni kabisa kwa pasi tano za nyuma, na bendi ya Stanford imeshaingia uwanjani. Kabla ya kushangilia aliuliza, je, bao litahesabiwa? Akasema kuna vitambaa vya waamuzi vimetupwa, ishara ya kosa. Wangapi kati ya hawa wa sasa wangelisema hilo dhidi ya timu yao?

Bob Ufer wa Michigan na honi yake, ile aliyoipuliza kila timu yake ikipata pointi, mimi ingenishinda. Ohio State, watani wa Michigan, wao wanacho kichekesho chao: Paul Keels, waliyempata 1998, miaka ya 1980 alikuwa akiitangazia Michigan hiyohiyo. Mwenye utani na afanye kazi yake.

Ninaowazima ni wale wanaopiga soga na mchambuzi wakati mchezo unaendelea. Unasikia umati unanguruma, wao wanalalamikia uamuzi wa robo iliyopita, na unasubiri dakika nzima kujua nani kafunga. Kuna mmoja wa timu za ligi yetu, simtaji, nimemzimia nikiwa kwenye foleni ya Atlanta nikabaki na injini tu.

Mnaotaka kuunganisha redio na picha: ya mawimbi huwa inaitangulia televisheni, ya kwenye simu inachelewa. Ikichelewa, simamisha picha kidogo mpaka visawazike.

Na Florida msiniulize. Mick Hubert alitangaza tangu 1989 mpaka 2022, wanasema alikuwa mzuri sana, mimi sijawahi kumaliza naye robo moja.