Mwanamume aliyelawitiwa utotoni akisema, amevunja sitara?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nikiwa na miaka tisa, mwalimu wangu wa chuo cha Qur'ani alinilawiti, tena si mara moja. Sasa nina mke na watoto. Kaka yangu nilipomweleza alinijibu: "Jisitiri. Ukisema umejidhihirisha, na mashahidi wanne huna." Mwanangu amefika umri wa kuanza chuo, na kila siku namtafutia kisingizio. Mtu yule bado anasomesha.

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Swali lako nimelitanguliza kwa sababu ya maneno yako ya mwisho.

Kaka yako amekosea. Hadithi ya wenye kujidhihirisha, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inamhusu aliyefanya maasi usiku, Allah akamsitiri, kulipokucha akajitangaza mwenyewe. Wewe ulifanya maasi gani? Mtoto wa miaka tisa kalamu haijaanza kumwandikia dhambi. Na Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 148, kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe ila kwa aliyedhulumiwa. Wewe ndiye huyo.

Ama mashahidi wanne, hilo ni sharti la kusimamisha hadi, yaani adhabu ya kisheria, ya zinaa, na limewekwa watu wasizuliwe ovyo. Halikuwekwa kumziba mdomo aliyedhulumiwa asipeleke mashtaka yake. Hivi mlango ukishakomewa, hao wanne watapitia wapi? Kwa fahamu hiyo, kila mlawiti mwenye komeo ameshapewa amani! Ninachokukataza ni kumtangaza mitandaoni kabla ya kumfikisha kwa wenye mamlaka. Hilo litakurudia wewe.

Wapo pia wasemao mwanamume halalamiki mambo haya. Basi na waisome Surat Yusuf. Nabii Yusuf hakunyamaza kwa kuitunzia heshima nyumba iliyomlea, alisema wazi juu ya mke wa bwana wake: "Yeye ndiye aliyenitaka." Na alipoitwa atoke gerezani alikataa, mpaka habari ya wale wanawake waliojikata mikono walipomwona iulizwe kwanza. Maneno ya vijiweni, kwamba aliyefanyiwa si mwanamume kamili, ni ujahili mtupu, sina wino wa kuyapotezea.

Kisa chako chote hudaiwi na mtu. Mkeo mwambie siku moyo wako utakapokubali, na kwa kiasi utakachoweza. Ndoto mbaya na hasira za ghafla si upungufu wa imani. Nabii Yaaqub alimhuzunikia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume. Soma adhkari zako, na umwone mshauri nasaha. Havigombani.

Ila wale watoto walio mbele yake leo, kwa hao siwezi kukuruhusu unyamaze. Usiende peke yako. Nenda na mtu unayemwamini kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kama uko Zanzibar, kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa. Namba 116 nayo inapokea taarifa za watoto bila malipo.

Mwanao mtafutie chuo ambacho watoto husomeshwa pamoja, mahali pa wazi, na mzazi akibisha hodi saa yoyote hukaribishwa. Mwambie mapema, kwa maneno ya kitoto, kwamba mwilini mwake pana pasipoguswa na mtu, hata mwalimu, na kwamba akikwambia hutamkasirikia.

Wallahu aalam.