Wakazi wa Forest Houses walilipwa
Je, wakazi wa mtaa wa nyumba za umma wa Forest Houses, Bronx, jijini New York, waliijenga kwa kujitolea, katika bustani ya jiji, Gramsci Monument ya mwaka 2013, kazi ya sanaa ya muda ya kumuenzi mwanafalsafa wa Kiitaliano Antonio Gramsci? Hapana, hawakujitolea: walilipwa ujira, na msanii Thomas Hirschhorn alilishikilia jambo hilo kwa makusudi, akiwachukulia kuwa washirika wa kazi. Gharama zilibebwa na Dia Art Foundation, taasisi ya sanaa ya Marekani. Kazi yao haikuishia kwenye kupigilia plaiwudi, kwani kuanzia tarehe 1 Julai hadi 15 Septemba wao ndio walioendesha kituo cha redio, gazeti la kila siku, maktaba na mgahawa, na kwangu mimi hapo ndipo ulipokuwa uzito wa sanaa yenyewe, kwa sababu ushirikishwaji usio na ujira mara nyingi humwachia mwananchi jasho na kumpa msanii sifa. Izingatiwe pia kwamba eneo lile lilikuwa viwanja vya nyasi vya makazi hayo, si bustani ya jiji kama Central Park. Muda ulipokwisha kila kitu kilibomolewa, na vifaa vikagawiwa wakazi kwa bahati nasibu.